Ukurasa Usio na Nasaba: Kijajuu na Kijachini katika Chapa za Wavuti

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii iliwalenga wafanyabiashara, lakini inamfaa vilevile msomi wa leo ambaye mali yake ni maarifa aliyoyakusanya kwenye wavuti na kuyapiga chapa kwenye karatasi. Chukua mfano wa mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayeandika tasnifu kuhusu istilahi za Kiswahili. Kwa miezi kadhaa amepiga foleni katika saiba, akalipia kila karatasi, na hatimaye akawa na rundo la kurasa zaidi ya mia mbili. Siku ya kumwona msimamizi wake, profesa anachomoa karatasi moja katikati ya rundo na kuuliza maswali matatu mepesi. Haya yametoka wapi? Yalisomwa lini? Karatasi hii ni ya ngapi kati ya ngapi?

Mwanafunzi anaigeuza karatasi mbele na nyuma. Juu hakuna kitu. Chini hakuna kitu. Maelezo yaliyomo yameandikwa kwa ufasaha, lakini hayana anwani, hayana tarehe wala nambari. Anarejea kwenye tarakilishi kuutafuta ukurasa ule ule na kukuta kwamba umekwisha kuhama. Sehemu nzima ya sura ya pili imesimama juu ya karatasi isiyoweza kutajwa katika marejeleo. Mwanafunzi huyu ni wa kubuni, ila masaibu yake si ya kubuni. Yeyote aliyewahi kuandaa tasnifu kwa kutegemea kurasa za wavuti anayafahamu.

Makala haya yanashikilia kwamba kijajuu na kijachini, yaani maandishi mafupi yanayojirudia juu na chini ya kila ukurasa uliopigwa chapa, si pambo la karatasi bali ni nasaba yake. Ukurasa usiotaja jina, chimbuko, tarehe na nafasi yake miongoni mwa wenzake ni sawa na shahidi anayekataa kutaja jina lake mahakamani. Aidha, makala yanadai kwamba lawama ya kasoro hii haipaswi kumwangukia mwanafunzi peke yake. Wa kwanza kuwajibika ni yule anayeuunda ukurasa wa wavuti, kwa kuwa ndiye mwenye uwezo wa kuamua karatasi itakuwa na sura gani. Mtumiaji anafuata baadaye.

Kutoka mswada hadi wavuti

Haja ya kuutambulisha ukurasa haikuletwa na tarakilishi. Wanakili wa miswada ya hati za Kiarabu, hati ambazo Waswahili walizitumia kwa karne nyingi kuandikia tendi zao, walikuwa na desturi ya kuandika chini ya ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Neno hilo dogo lilikuwa kishikizo. Kurasa zikitawanyika kwa upepo au kwa mkono wa mtoto, msomaji aliweza kuzipanga upya bila kubahatisha. Huko Ulaya, katika mji wa Cologne, mpiga chapa Arnold Therhoernen alitoa mnamo mwaka wa 1470 kitabu cha mahubiri chenye nambari za karatasi zilizopigwa chapa, na kitabu hicho huhesabiwa miongoni mwa vya kwanza kufanya hivyo. Polepole wapiga chapa waliongeza juu ya kurasa jina la kitabu na la sura. Watungaji wa kamusi nao wakaweka neno la kwanza na la mwisho la kila ukurasa ili mtafutaji asipoteze muda.

Katika desturi hizi zote, ukurasa ulikuwa kitu cha kudumu. Aliyeandika alijua mstari wa mwisho utaangukia wapi, naye aliweza kuweka utambulisho mahali pake. Tim Berners-Lee alipopendekeza wavuti katika maabara ya CERN mwaka wa 1989, kilichozaliwa kilifanana zaidi na hati ndefu ya kukunjuliwa kuliko kitabu. Kile kinachoitwa ukurasa wa wavuti hakina ukurasa kwa maana ya karatasi. Hushuka kwenye kiwambo kwa urefu wowote, hupanuka na kusinyaa kulingana na upana wa dirisha, na kwenye simu huchukua umbo jingine kabisa. Mgawanyo wa kurasa hutokea pale tu mtumiaji anapoamuru kupiga chapa. Wakati huo ndipo matini hukatwa vipande, na ndipo swali la nani ataviandikia vipande hivyo majina linapozuka.

Anayeweza kuviandikia ni mmoja kati ya wawili: kivinjari au mbunifu wa ukurasa. Matatizo mengi hutokana na kila mmoja kudhani kwamba mwenzake ameifanya kazi hiyo.

Kazi ya kivinjari na upungufu wake

Kivinjari hujaribu. Kwa kawaida, kikiachwa na mipangilio yake ya asili, huandika kwenye pambizo ya juu jina la ukurasa na tarehe, na kwenye pambizo ya chini anwani ya tovuti pamoja na nambari ya ukurasa. Internet Explorer, ambacho Microsoft ilikistaafisha mwezi wa Juni mwaka wa 2022, kilimruhusu mtumiaji kujipangia haya kwa alama fupi: &w kwa jina la dirisha, &u kwa anwani, &d kwa tarehe, &p kwa nambari ya ukurasa na &P kwa jumla ya kurasa. Mtumiaji aliyeandika alama hizi kwa mpangilio aliotaka alipata karatasi inayojieleza. Firefox nacho kimekuwa na alama zake za aina hiyo. Chrome kimechagua njia ya mkato: humpa mtumiaji kisanduku kimoja tu cha kuweka au kuondoa vijajuu na vijachini vyote kwa pamoja.

Huduma hii ni ya kushukuriwa, lakini ina upungufu wa aina nne. Kwanza, jina linaloandikwa juu ni lile alilolitoa mbunifu. Iwapo mbunifu aliuacha ukurasa bila jina, au aliziita kurasa zote za tovuti yake “Mwanzo”, basi karatasi mia moja kutoka sehemu mia moja tofauti zitabeba neno hilo hilo moja. Pili, anwani ikiwa ndefu kupita upana wa pambizo, hukatwa. Mara nyingi kinachokatwa ni mwisho wake, na mwisho ndio unaobeba jina la makala yenyewe. Kinachosalia ni jina la tovuti tu, jambo ambalo ni sawa na kumwelekeza mgeni mjini bila kumtajia mtaa.

Tatu, tarehe inayoandikwa ni ya siku ya kupiga chapa, si ya siku makala yalipoandikwa. Tarehe hiyo ina thamani yake. Mwongozo wa marejeleo wa MLA, katika toleo la 6 la mwaka wa 2003, ulidai tarehe ya kuusoma ukurasa pamoja na anwani yake. Toleo la 7 la mwaka wa 2009 liliacha kuilazimisha anwani. Toleo la 8 la mwaka wa 2016 likapendekeza anwani itajwe tena, huku tarehe ya kusoma ikifanywa kuwa ya hiari. Katika mabadiliko yote hayo, mwanafunzi aliyekuwa na kijachini kamili kwenye karatasi yake hakuwa na wasiwasi, maana kila alichoombwa alikuwa nacho. Hata hivyo, kivinjari hakiwezi kujua makala yalitolewa lini. Hilo ni la mwandishi na mbunifu kulisema.

Nne, na hili ndilo linalowaumiza wengi, kijajuu na kijachini cha kivinjari huondolewa kwa urahisi mno. Mhudumu wa saiba anayeona mistari hiyo kama uchafu huizima siku moja, na mipangilio ikabaki hivyo kwa wateja wote watakaofuata. Vilevile, mtumiaji akichagua kupiga chapa bila pambizo ili kuokoa karatasi, mistari hiyo hutoweka kwa kukosa mahali pa kukaa. Mteja huondoka na karatasi safi, akalipa, akafurahi. Hasara huigundua baadaye.

Kazi ya mbunifu wa ukurasa

Kwa kuwa kivinjari hakiaminiki kikamilifu, ni wazi kwamba mbunifu hana budi kuubeba mzigo wake. Wabunifu wengi hukosea tangu mwanzo kwa kuchanganya kijajuu cha kiwambo na kijajuu cha karatasi. Kile cha kiwambo ni utepe wa juu wenye nembo, menyu, kisanduku cha kutafutia na pengine tangazo la biashara. Kinamfaa anayeperuzi, kwani anaweza kubofya. Karatasi haibofyeki. Utepe huo ukipigwa chapa jinsi ulivyo, humaliza theluthi ya karatasi ya kwanza na wino wa rangi, kisha kurasa zinazofuata zikabaki bila utambulisho wowote. Mwanafunzi anayelipia kwa ukurasa hutozwa fedha kwa ajili ya menyu asiyoihitaji na kunyimwa anwani anayoihitaji.

Dawa ya kosa hili imekuwepo kwa muda mrefu. CSS, lugha ya kuupa ukurasa mtindo, ilitolewa katika toleo lake la pili mwezi wa Mei mwaka wa 1998, na tangu wakati huo imemruhusu mbunifu kuandika kanuni za kiwambo peke yake na kanuni za chapa peke yake. Kwa mistari michache, menyu na matangazo hufichwa wakati wa kupiga chapa, huku mstari wenye jina la makala, mwandishi, tarehe ya kutolewa na anwani kamili ukijitokeza. Wikipedia ni mfano mwema. Makala yake yanapopigwa chapa kwa njia ya kivinjari, vitufe vya pembeni huondoka, na mwishoni hutokea anwani yenye nambari ya toleo lile hasa lililosomwa. Makala yakihaririwa mara hamsini baada ya hapo, anwani ile bado itamrejesha msomaji kwenye maneno yale yale aliyoyaona.

Kosa la pili hutokea mbunifu anapotaka kijajuu kijirudie kwenye kila karatasi. Njia ambayo wengi huikimbilia ni kukiamuru kijajuu kigande mahali pamoja. Kwenye chapa, kitu kilichogandishwa hivyo hurudiwa katika kila ukurasa, na hilo ndilo lililotakiwa. Tatizo ni kwamba hakitengewi nafasi. Matini hupita chini yake kana kwamba hakipo, na mstari wa kwanza au wa mwisho wa kila ukurasa hufunikwa. Msomaji wa ushairi anaelewa uzito wa hasara hii: shairi likipoteza mshororo mmoja katika kila ukurasa, vina na mizani huvurugika, na mhakiki anaweza kumlaumu mshairi kwa kosa la printa.

Njia iliyo salama zaidi ni ya zamani na ya unyenyekevu. HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, katika toleo la 4 la Desemba 1997, iliipa jedwali sehemu tatu: kichwa, kiwiliwili na kitako. Kusudi mojawapo lilikuwa kwamba jedwali refu likigawanyika kwenye kurasa kadhaa, kichwa na kitako viweze kurudiwa katika kila ukurasa. Tofauti na kitu kilichogandishwa, kichwa cha jedwali hutengewa nafasi yake, na matini hayakipandi. Udhaifu uko kwenye karatasi ya mwisho, ambapo kitako huishia pale matini yanapoishia badala ya kukaa chini kabisa ya karatasi. Kwa sababu hiyo, mafundi huziunganisha njia mbili: kichwa na kitako cha jedwali huachwa vitupu ili vitunze nafasi, na maandishi yenyewe yaliyogandishwa hukaa juu ya nafasi hiyo. Vipimo vikilingana, kila ukurasa hutoka ukiwa nadhifu.

Hakika, palipaswa kuwa na njia nyepesi zaidi. Waundaji wa CSS walipendekeza kwamba pambizo za kila ukurasa zigawanywe katika visanduku 16, vinne vya pembe na vitatu kwa kila upande, ili mbunifu aandike anachotaka katika kila kisanduku, ikiwemo nambari ya ukurasa na jumla ya kurasa. Programu maalumu za kuandaa vitabu, kama vile Prince, ziliupokea mpango huu mapema. Vivinjari vya kawaida vilijivuta. Chrome kilianza kuvikubali visanduku hivyo katika toleo la 131, lililotoka Novemba 2024. Mbunifu mwenye hekima huvitumia, ila hawezi kuvitegemea peke yake, kwa kuwa wasomaji wake wana vivinjari mbalimbali.

Kosa la tatu ni la vipimo. Karatasi ya A4 inayotumika Kenya ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Karatasi ya Letter inayotumika Marekani ina upana wa milimita 216 na urefu wa milimita 279. Ukurasa uliopangwa kwa A4 ukipelekwa kwenye Letter bila kupunguzwa, milimita 18 za chini hukosa mahali pa kukaa, na humo ndimo kijachini hukaa. Aidha, printa nyingi haziwezi kupiga chapa hadi ukingoni kabisa mwa karatasi. Kijachini kilichobanwa kwenye milimita chache za mwisho hutoka nusu, vichwa vya herufi vikionekana na miguu ikikosekana. Pambizo ya milimita 15 au 20 si ubadhirifu wa karatasi. Ni mahali pa kuandikia nasaba.

Kosa la nne ni la makusudi. Wapo wabunifu wanaofuta pambizo zote kwa kuzipa kipimo cha sifuri ili kukinyima kivinjari nafasi ya kuandika anwani na tarehe. Wanasema mistari hiyo inaharibu umaridadi wa kazi yao. Hili halina utetezi mzuri pale mbunifu asipoweka utambulisho wake mwenyewe badala ya ule alioufuta. Kumvua mtu vazi la kale kabla ya kumpa jipya si kumpamba.

Hoja za wapinzani

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwani karatasi inaaga dunia na kila kitu kiko kwenye simu. Hoja hii inasahau kwamba faili za PDF zinazotumwa kutoka simu hadi simu mara nyingi huundwa kwa amri ile ile ya kupiga chapa. Ukurasa usio na kijajuu kwenye karatasi hauna kijajuu kwenye PDF pia, tena PDF husafiri mbali zaidi na kumfikia asiyemjua aliyeitengeneza.

Wengine watasema kwamba hakuna haja ya kuhifadhi karatasi maadamu ukurasa uko wavuti. Ushahidi unakataa. Jonathan Zittrain na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichunguza viungo vilivyotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani, na katika ripoti yao ya mwaka wa 2014 wakaonyesha kwamba takribani nusu ya viungo hivyo havikumfikisha tena msomaji kwenye habari iliyokusudiwa. Shirika la Pew nalo lilieleza mwaka wa 2024 kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwepo mwaka wa 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye. Ikiwa marejeleo ya majaji yanapotea, ya mwanafunzi wa mwaka wa pili yatasalimika vipi? Ukurasa unapokufa, chapa yenye anwani na tarehe hubaki kuwa kumbukumbu. Chapa isiyo navyo hubaki kuwa uvumi.

Mahakama za Kenya zinalijua jambo hili. Sheria ya Ushahidi, sura ya 80, iliongezewa mwaka wa 2009 vifungu kuhusu rekodi za kielektroniki. Kifungu cha 106B kinakubali habari zilizopigwa chapa kutoka kwenye tarakilishi zichukuliwe kuwa hati, kwa masharti, na kinazungumzia cheti kinachoitambulisha rekodi hiyo na kueleza jinsi ilivyotolewa. Kijachini hakiwezi kuchukua mahali pa cheti hicho, lakini mantiki ni moja: karatasi iliyotoka kwenye mashine inaaminika pale chimbuko lake linapotajwa. Chuo kikuu hakifai kuridhika na kiwango cha chini kuliko kile cha mahakama.

Ipo hoja moja ya wapinzani inayostahili kukubaliwa. Si kila chapa inafaa kubeba anwani ya tovuti. Stakabadhi ya malipo, barua ya mwaliko au cheti kikitoka na anwani ndefu chini yake huonekana kama kazi ya kulipua. Zaidi ya hayo, baadhi ya anwani hubeba ndani yake nambari za siri za mtumiaji, na kuzianika kwenye karatasi ni hatari. Katika hali kama hizi, mbunifu ana haki ya kuiondoa anwani. Hata hapo, haki hiyo huandamana na wajibu: stakabadhi iwe na nambari yake, barua iwe na kumbukumbu na tarehe, na kila ukurasa useme ni wa ngapi kati ya ngapi. Kinachojadiliwa ni utambulisho unaoifaa hati, wala si mstari mmoja unaolazimishwa kila mahali.

Suala la Kiswahili

Huenda msomaji akauliza jambo hili linawahusu vipi wanafunzi wa Kiswahili kuliko wenzao wa uhandisi. Jibu ni kwamba matini ya Kiswahili kwenye wavuti ni machache yakilinganishwa na ya lugha kubwa za Ulaya, na kila yanapopotea pengo ni kubwa zaidi. Mradi wa kamusi ya Kiswahili mtandaoni ulioanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka wa 1994 uliwafaa wasomi wengi. Baadaye mradi huo uliondoka Yale na kupata anwani nyingine. Mtafiti aliyepiga chapa fafanuzi za awali, akiwa na anwani na tarehe, anaweza leo kuonyesha neno fulani lilielezwa vipi wakati ule. Mwenzake aliyepiga chapa bila hivyo ana orodha ya maneno tu.

Lipo pia suala la lugha ya utambulisho wenyewe. Tarehe inayoandikwa na kivinjari hufuata mipangilio ya tarakilishi. Kwenye tarakilishi iliyowekewa desturi ya Marekani, 4/5 ni tarehe tano Aprili. Kwa desturi ya Kenya ni tarehe nne Mei. Karatasi moja inaweza kusomwa na watu wawili wakatofautiana kwa mwezi mzima. Mbunifu wa ukurasa wa Kiswahili anaweza kuuondoa utata huu kwa kuuandika mwezi kwa neno, akasema “4 Mei 2009”, na kwa kuandika “ukurasa wa 2 kati ya 7” badala ya kuiacha lugha ya kigeni iyazingire makala ya Kiswahili juu na chini. Istilahi nazo zipo. Kijajuu na kijachini ni maneno yaliyokwisha kuingia katika programu za tarakilishi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na umbo lake linajieleza: kijacho juu na kijacho chini. Yanangoja kutumiwa.

Hitimisho

Wajibu basi unagawanyika. Mbunifu wa tovuti, hususan za vyuo, za magazeti na za vyama vya Kiswahili, aupe kila ukurasa jina lake mahususi, aandike kanuni za chapa zinazoficha menyu na kufichua anwani, atenge pambizo za kutosha, na aijaribu kazi yake kwenye karatasi halisi ya A4 kabla ya kuitoa. Jaribio la karatasi tatu linatosha: ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Ikiwa karatasi ya katikati, ikiokotwa peke yake sakafuni, inaweza kusema imetoka wapi, lini na ni ya ngapi, kazi imekamilika.

Mwanafunzi naye, kabla ya kulipa, afungue mwonekano wa kabla ya chapa na kutazama juu na chini. Kisanduku cha vijajuu na vijachini kikiwa kimezimwa, akiwashe. Anwani ikiwa imekatwa, aiandike kwa kalamu papo hapo, kamili, pamoja na tarehe. Wahadhiri nao wanaweza kulihimiza jambo hili katika masomo ya mbinu za utafiti kwa dakika kumi tu, na dakika hizo zikawaepusha wengi na fedheha ya siku ya utetezi.

Wanakili wa kale hawakuwa na umeme wala printa, lakini hawakuuacha ukurasa uende bila neno la kuuunganisha na wenzake. Walijua kwamba karatasi hupeperuka na kwamba atakayeiokota huenda akawa mtu ambaye hawatamwona kamwe. Mbunifu wa wavuti wa leo ana uwezo kuliko wao mara nyingi, na msomaji wake yuko mbali zaidi. Amtendee msomaji huyo kwa uangalifu ule ule.